Mwanasheria wa Reagan na Kura ya Obama

Jumapili ya Pasaka ya mwaka 2008, tarehe 23 Machi, profesa mmoja wa sheria katika jimbo la California, Marekani, alitoa makala fupi iliyowashtua rafiki zake na kuwashangaza mahasimu wake. Profesa huyo, Douglas Kmiec, alitangaza kwamba anamwunga mkono Barack Obama, Seneta wa Illinois, katika kinyang'anyiro cha urais. Marekani ni nchi ambayo kila mwaka wa uchaguzi matajiri, waimbaji na wacheza sinema hujitokeza kusema wanampenda nani, na kwa kawaida tamko la mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu lisingemnyima mtu usingizi. Tamko hili lilikuwa habari kwa sababu ya mtu aliyelitoa.

Kmiec hakuwa mhafidhina wa juzi na jana. Alifundisha sheria kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, chuo cha Kikatoliki chenye sifa kubwa, kisha akawa mkuu wa kitivo cha sheria katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki mjini Washington, na hatimaye akahamia Chuo Kikuu cha Pepperdine huko California. Katika miaka ya 1980 aliitumikia Wizara ya Sheria chini ya Rais Ronald Reagan, na akapanda mpaka kuwa mkuu wa ofisi inayomshauri Rais juu ya Katiba, kazi aliyoendelea nayo mwanzoni mwa utawala wa George Bush mkubwa. Ofisi hiyo si ya karani. Kabla yake waliiongoza William Rehnquist, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Marekani, na Antonin Scalia, jaji ambaye wahafidhina wa nchi hiyo walimhesabu kuwa mwalimu wao. Katika suala la utoaji mimba, ambalo ndilo limewagawa Wamarekani kwa nusu karne, Kmiec alikuwa mpinzani asiyeyumba. Mapema mwaka huo huo wa 2008 alikuwa mmoja wa viongozi wa kamati iliyomshauri Mitt Romney, mgombea wa Chama cha Republican, kuhusu Katiba na mahakama. Romney alijitoa mwezi Februari, na mwanzoni mwa Machi ikawa dhahiri kwamba chama hicho kingemsimamisha Seneta John McCain. Kila mtu alitazamia kwamba washauri wa Romney wangehamia kwa McCain, kama ilivyo desturi.

Saa aliyoichagua Kmiec nayo haikuwa ya kujipendekeza. Obama wakati huo alikuwa bado anapigania uteuzi wa Chama cha Democratic na Bibi Hillary Clinton, na alikuwa katika wiki ngumu kuliko zote. Mahubiri makali ya mchungaji wake wa zamani wa Chicago, Jeremiah Wright, yalikuwa yanarudiwa mchana na usiku katika televisheni, na siku tano tu kabla ya Pasaka Obama alilazimika kwenda Philadelphia kutoa hotuba nzito kuhusu rangi na historia ya nchi yake. Mtu mwenye kutafuta cheo huingia chomboni pepo zinapovuma vizuri. Huyu aliingia tanga likiwa limeraruka.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini ni yale ambayo Kmiec hakuyasema. Hakusema kwamba ameacha imani yake. Hakusema kwamba Reagan alikosea, au kwamba utoaji mimba ni jambo dogo. Alieleza waziwazi kwamba yeye na Obama wanatofautiana katika mambo ya msingi, kama vile mwanzo wa uhai wa binadamu na maana ya ndoa, na kwamba anatumaini kumwona mgombea huyo akilegeza msimamo wake. Pamoja na hayo aliona kwake uadilifu, akili na nia njema, na aliamini kwamba vita vya Iraq vilivyoanza mwaka 2003 vilihitaji kumalizwa na mtu asiyefungwa na makosa ya walioviwasha. Kwa maneno mengine, mwanasheria huyu aliandika ndiyo yake na hapana yake katika karatasi moja. Hii ndiyo tofauti kati ya kumwunga mtu mkono na kuhama. Anayehama huyakana aliyoyasema jana ili apokewe leo, na wanaompokea hawajui kesho atayakana yapi. Anayemwunga mkono hasimu huku akizitaja tofauti zao humpa mpiga kura kitu cha kupima.

Katika miezi iliyofuata Kmiec alizieleza hoja zake kwa urefu, na mwaka huo huo akatoa kitabu kizima juu ya swali kama Mkatoliki anaweza kumpigia kura Obama. Hoja iliyowauma zaidi wenzake ilikuwa ya kisheria. Tangu hukumu ya mwaka 1973 katika kesi ya Roe, ambayo ilifanya utoaji mimba kuwa haki ya kikatiba, wahafidhina walikuwa wameambiwa kila baada ya miaka minne kwamba dawa ni moja tu: mchagueni Rais wa Republican, naye atateua majaji, nao wataifuta hukumu hiyo. Mwaka 2008 majaji saba kati ya tisa wa Mahakama ya Juu walikuwa wameteuliwa na marais wa Republican, na hukumu ya Roe ilikuwa bado imesimama. Mwaka 1992, ilipofika kesi ya Casey, waliokoa kiini cha hukumu hiyo walikuwemo majaji watatu walioteuliwa na Reagan na Bush. Isitoshe, Kmiec alikumbusha jambo ambalo wengi walilisahau katika joto la kampeni, kwamba hata Roe ikifutwa, suala lingerudi tu katika majimbo hamsini, na mengi kati ya hayo yangeendelea kuruhusu. Kwa hiyo, aliuliza, mama maskini mwenye mimba anasaidiwa na nini zaidi: ahadi ya jaji ambaye bado hajateuliwa, au matibabu, mshahara wa kutosha na msaada wa kulea?

Swali hilo si jepesi, wala wapinzani wake hawakuwa wajinga. Walimjibu kwamba Obama mwenyewe, mwezi Julai 2007, aliwaahidi watetezi wa haki ya kutoa mimba kwamba angetia sahihi muswada wa kuifanya haki hiyo kuwa sheria ya nchi nzima. Walisema mtu hawezi kuzima moto kwa kumpa kura mwenye kibiriti. Askofu Mkuu wa Denver, Charles Chaput, akizungumza kama raia mwezi Oktoba, alisema kwamba hoja za Kmiec na wenzake zimeidhuru kazi ya miaka mingi ya kutetea watoto ambao hawajazaliwa. Katika kambi aliyotoka, kikulacho ki nguoni mwako ndiyo methali ambayo ingewatosha.

Lakini pigo kubwa alikuwa amekwisha lipata mwezi Aprili, wala halikutoka kwa mwanasiasa. Kmiec alialikwa kuzungumza katika karamu ya kikundi cha wafanyabiashara Wakatoliki, na kabla ya karamu kulikuwa na Misa. Alipokwenda mbele pamoja na waumini wengine kupokea Komunyo, padre akamnyima. Kwa asiye Mkatoliki huenda tendo hili likaonekana dogo. Kwa mtu ambaye kila Jumapili ya maisha yake amepiga magoti mahali hapo, ni sawa na kutolewa nje ya nyumba ya baba yake mbele ya wageni. Baada ya Misa alikwenda kwenye karamu na akatoa hotuba aliyoalikwa kuitoa.

Hapa mwanasheria alikuwa na haki ya kuuliza sheria inasemaje. Kmiec hakuwa mbunge aliyepiga kura kuruhusu utoaji mimba, wala hakupata kuitetea hoja hiyo. Alikuwa raia aliyesema atampigia nani kura. Mwaka 2004 Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa Papa Benedikto wa 16, aliwaandikia maaskofu wa Marekani akieleza kwamba Mkatoliki akimpigia kura mgombea wa namna hiyo kwa ajili ya msimamo wake wa kuruhusu utoaji mimba, ana hatia. Lakini akimpigia kwa sababu nyingine, huku mwenyewe akiupinga msimamo huo, yaweza kuruhusiwa iwapo sababu hizo zina uzito unaolingana. Mabishano yote ya mwaka 2008 kati ya Wakatoliki wa Marekani yalikuwa juu ya maneno hayo ya mwisho. Chaput na wenzake walisema hakuna sababu yenye uzito wa kulingana na maisha ya watoto. Kmiec alisema vita na umaskini navyo vinaua. Padre yule hakungoja mjadala uishe.

Kmiec hakuwa peke yake. Mwishoni mwa Oktoba Charles Fried, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard ambaye alikuwa wakili mkuu wa serikali ya Reagan mbele ya Mahakama ya Juu kati ya mwaka 1985 na 1989, aliomba jina lake liondolewe katika kamati za McCain na akasema amekwisha mpigia kura Obama kwa njia ya posta. Sababu yake ilikuwa fupi: McCain alikuwa amemchagua Bibi Sarah Palin, Gavana wa Alaska, kuwa mgombea mwenza wakati taifa likiwa katika msukosuko mkubwa. Fried, aliyezaliwa Prague mwaka 1935 na kufariki mwezi Januari 2024, alikuwa mtu wa heshima, na hakuna aliyemnyima kitu chochote kwa kura yake. Alitamka siku chache kabla ya uchaguzi, wakati mshindi alikuwa amekwisha anza kuonekana. Kmiec alitamka miezi saba kabla.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 4 Novemba 2008. Obama alipata kura 365 za wajumbe wa uchaguzi, McCain 173. Miongoni mwa Wakatoliki, ambao miaka minne nyuma walimpendelea George Bush mdogo, Obama alipata asilimia 54. Hakuna anayeweza kusema ni wangapi kati ya hao waliosoma kitabu cha Kmiec, na huenda ni wachache. Uchumi ulikuwa umeanguka mwezi Septemba, na mtu aliyepoteza nyumba hangoji ushauri wa profesa. Katika Afrika Mashariki ushindi huo ulipokewa kwa shangwe za namna yake. Kenya, nchi ya baba yake Obama, ambaye alitoka Kogelo katika sehemu za Siaya na kwenda Hawaii kusoma mwaka 1959, ilitangaza tarehe 6 Novemba kuwa siku ya mapumziko. Ni Kenya hiyo hiyo iliyokuwa imetiwa sahihi mkataba wa amani kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga tarehe 28 Februari mwaka huo, baada ya watu zaidi ya 1,000 kuuawa kwa ugomvi wa kura. Wakenya waliocheza ngoma Kogelo walijua vizuri kuliko watu wengi gharama ya kura inayohesabiwa kwa asili ya mtu badala ya hoja zake.

Baada ya shangwe yalikuja matendo, na hapo ndipo hoja za Kmiec zilipopimwa. Obama aliapishwa tarehe 20 Januari 2009. Siku tatu baadaye aliifuta amri iliyoanzishwa na Reagan mwaka 1984 ya kuyanyima fedha za Marekani mashirika ya nchi za nje yaliyotoa au kuhimiza huduma za kutoa mimba, jambo lililogusa zahanati mpaka huku kwetu Afrika. Wapinzani wa Kmiec wakasema: hamkuambiwa? Kwa upande mwingine, muswada ule ulioahidiwa mwaka 2007 haukupitishwa kamwe, na sheria ya matibabu ya mwaka 2010 ilitenga dola milioni 25 kila mwaka kwa miaka kumi kuwasaidia wasichana na wanafunzi wenye mimba wazae na waendelee na masomo. Taasisi ya Guttmacher, ambayo takwimu zake hutumiwa na pande zote mbili, ilihesabu mimba zilizotolewa Marekani mwaka 2008 kuwa kiasi cha milioni 1.21, na mwaka 2017 kuwa kiasi cha 862,000. Sababu za kupungua huko ni nyingi na zina ubishi, zikiwemo njia bora za uzazi wa mpango ambazo Kanisa la Kmiec haliziruhusu. Mwanasheria mwaminifu asingedai kwamba zote ni kazi ya mgombea wake.

Tena historia haikuishia hapo. Majaji wawili walioteuliwa na Obama, Sonia Sotomayor mwaka 2009 na Elena Kagan mwaka 2010, walikuwa watetezi wa hukumu ya Roe. Donald Trump, alipoingia madarakani mwaka 2017, aliteua majaji watatu kwa kipindi kimoja, na tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ikaifuta Roe kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Samuel Alito, mtu ambaye naye alifanya kazi katika ofisi ile ile ya ushauri wa Katiba wakati wa Reagan. Kwa hiyo njia ambayo Kmiec aliiona imeziba mwaka 2008 ilifunguka miaka 14 baadaye, na waliomwambia asikate tamaa walikuwa na haki ya kumkumbusha. Lakini na yeye alikuwa na la kujibu. Suala lilirudi katika majimbo kama alivyotabiri, mengine yakakataza na mengine yakaruhusu zaidi ya zamani, na mwaka 2023 hesabu ya Guttmacher ilikuwa imepanda tena na kuzidi milioni moja.

Desturi ya mhafidhina kuvuka uwanja haikwisha na Obama. Tarehe 19 Agosti 2024 J. Michael Luttig, ambaye aliteuliwa na Bush mkubwa kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani mwaka 1991 na kukaa hapo mpaka mwaka 2006, alitangaza kwamba angempigia kura Bibi Kamala Harris. Luttig hakuzungumza juu ya sera. Alisema kwamba hizo anatofautiana naye. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyekataa kukiri kushindwa mwaka 2020 hafai kukabidhiwa Katiba tena. Wapiga kura walimsikia na hawakumfuata: Bibi Harris alishindwa mwezi Novemba.

Na Kmiec mwenyewe? Mwaka 2009 Obama alimteua kuwa Balozi wa Marekani katika Malta, kisiwa cha Wakatoliki. Wapo waliosema chanda chema huvikwa pete. Wengine wakasema pete ilikuwa imekwisha nunuliwa tangu Pasaka. Shutuma hiyo ya pili ina ugumu wake, kwa kuwa mwezi Machi 2008 mfua pete mwenyewe hakujua kama atakuwa na duka. Hata hivyo ni kweli kwamba cheo hupunguza thamani ya ushahidi, na ingekuwa heri kwa hoja zake kama angebaki darasani. Huko Malta alipokewa vizuri. Mwezi Februari 2011, vita vilipolipuka Libya, meli iliyokodiwa na serikali ya Marekani ilileta kisiwani humo watu zaidi ya 300 kutoka Tripoli. Miezi miwili baadaye ikatolewa taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje. Taarifa ilikubali kwamba balozi anaheshimiwa na Wamalta, lakini ikamlaumu kwa kutumia muda mwingi mno kuandika na kuzungumza juu ya maelewano kati ya dini. Yeye aliona kwamba kazi hiyo ndiyo hasa aliyotumwa na Rais kuifanya. Mwezi Aprili 2011 aliandika barua ya kujiuzulu, na kabla ya nusu ya mwaka kwisha akaondoka. Warepublican walikuwa wamemwita msaliti kwa sababu ya dhamiri yake, na sasa watumishi wa serikali ya Democratic walimwona msumbufu kwa sababu hiyo hiyo.

Alirudi Pepperdine kufundisha Katiba. Mwaka 2014 alijaribu kugombea ubunge katika wilaya ya 26 ya California, safari hii bila chama chochote. Katika raundi ya kwanza, iliyofanyika mwezi Juni, wagombea wawili wa mbele walikuwa mmoja wa Democratic na mmoja wa Republican. Kmiec alikuwa wa mwisho.